Vibanzi Chini ya Kucha

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule lilikuwa rahisi kulitamka: nikimwambia Anko Kilonzo aende akang'olewe meno, naye akafia kwenye kiti cha daktari, nitakuwa nimemuua mimi? Nililigeuza kama mtu anayetafuta mahali pa kuanza kumenya chungwa. Na nikimwambia asiende, halafu homa irudi? Na nikinyamaza, kwani kunyamaza si jibu? Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya elimu ya wanyama, sina kazi, nalala kwenye kochi la sebuleni katika nyumba moja ya mtaa wa Umoja, Nairobi, miongoni mwa watu walioamini kwamba aliyesoma anajua. Mimi nilijua moyo wa chura. Nilikuwa nimeupasua, nikauchora, nikapata alama nzuri. Moyo wa mume wa mama yangu mdogo ulikuwa jambo jingine kabisa, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyetaka kusikia hilo.

Haya yalinirudia juzi, tulipokusanyika Umoja kwa matanga ya Anti Syokau, mama yangu mdogo. Nyumba imepandishwa ghorofa nyingine, ukumbi wa nyuma umezibwa, na palipokuwa na bomba la nje sasa kuna ngazi. Mama Shiro, jirani wa miaka yote, aliletwa na mjukuu wake akitembea kwa mkongojo. Alinipa mkono wa pole, nami nikaupokea, na kabla sijasema neno akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Bado unaangalia watu kucha!" aliniambia. "Hata mimi mzee wa leo unanikagua!" Ni kweli, nilikuwa nimeangalia. Nikisalimiana na mtu, macho yangu hushuka yenyewe mpaka kwenye kucha zake, kisha hupanda mpaka kwenye fizi, na mara nyingi mtu hudhani nimeona doa kwenye nguo yake. Tabia hiyo niliipata katika nyumba ile, katikati ya miaka ya tisini, katika mwaka ambao sikuelewa karibu kila kitu nilichoambiwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa imeanza kama chumba kimoja na jiko, kama nyingi za Umoja, halafu Anko akaiongezea kila alipopata nafasi, hapa chumba, pale ukumbi, mpaka ukawa huwezi kutoka jikoni kwenda chooni bila kupita kwenye chumba cha mtu. Milango yote alikuwa ameichonga mwenyewe. Ilikuwa mizuri, yenye twiga na majani, lakini wakati wa mvua mbao zilivimba na haikufunga sawasawa, kwa hiyo hakuna neno lililosemwa chumba kimoja ambalo halikusikika kingine. Kutoka kwenye kochi langu nilisikia kila asubuhi sauti moja kabla ya nyingine zote: krashi, krashi, krashi. Alikuwa Anko, ameinama kwenye bomba la nje, anasugua meno.

Sharti niyaeleze meno hayo, kwa sababu bila kuyaelewa hakuna kitakachoeleweka. Huko tunakotoka Ukambani, maji ya kisima chetu huacha rangi ya kahawia kwenye meno ya kila mtoto anayekua akiyanywa. Mimi ninayo, Anti alikuwa nayo, Anko alikuwa nayo zaidi ya wote, michirizi na madoa kama ya chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Nairobi watu hutazama. Anko alikuwa mchongaji wa vinyago, mwenye kibanda karibu na soko la Kariokor, akiuza kwa watalii, na aliamini kwamba mzungu hanunui twiga kwa mtu mwenye meno ya kutu. Basi aliyashughulikia meno yake kama alivyoshughulikia mpingo. Alikuwa na kopo la unga wa mkaa uliosagwa na jivu na chumvi, akachovya humo kipande cha kitambaa kigumu kilichozungushwa kidoleni, akasugua mpaka akatema nyekundu. "Ubao hupigwa msasa mpaka utoe vumbi," aliniambia, "na jino husuguliwa mpaka litoe damu. Ukiona damu, ujue imekolea." Kila nilipokuwa na mahojiano ya kazi alinisogezea kopo lile kwa ukarimu wa kweli, nami nikasugua, nikatema, nikaenda mjini na kinywa kinachowaka. Huko nilijibu maswali huku nimeweka mkono mbele ya midomo. Mzee mmoja aliyekuwa akiwahoji watu aliniuliza kama nina kwikwi. Nilisema ndiyo. Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kwa nini nilisema ndiyo, na kama mtu mwenye kwikwi anaweza kuajiriwa.

Rangi haikutoka kamwe. Damu ndiyo ilizidi. Nakumbuka Jumamosi moja tulipokwenda soko la Burma kula nyama choma, Anko, Anti, mimi, na Mutua, mchongaji mwenzake, mtu wa maneno mengi. Mbavu zililetwa kwenye ubao zikiwa bado zinatoa moshi. Anko alitoa kisu chake cha kazi, akaanza kuikata nyama vipande vyembamba kama karatasi, akaviweka upande mmoja wa mdomo na kuvinyonya. Mutua alimtazama.

"Niaje, fundi," alisema, "unakula ama unachonga?"

"Nyama ya siku hizi ngumu," Anko alijibu.

"Nyama ni ileile. Mimi naona meno yako yameanza kuhama plot."

Tulicheka sote, na Anko akacheka zaidi, na alipocheka niliona fizi zake zilivyokuwa zimevimba na kuiva, zambarau karibu na mizizi, na meno ya mbele yakiwa yamerefuka kama ya mnyama mzee. Niliona, nikafikiri: ni mkaa. Halafu nikafikiri: labda si mkaa. Halafu chumvi na pilipili zikaja na nikasahau. Wakati ule sikuwa na sababu ya kukumbuka. Fizi zinazotoka damu zilikuwa kama paa linalovuja, jambo la kila nyumba.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, Anko alianza kupata homa. Si homa ya kumlaza mtu. Ilikuja jioni, ikamlowesha shuka, asubuhi ikaondoka akaenda kazini. Alikuwa ametoka kijijini karibuni, kwa hiyo sote tulisema malaria, na Anti akanunua vidonge dukani, naye akavimeza, na homa ikatulia, ikarudi. Akavimeza tena. Akakonda. Suruali yake ilifungwa kwa kamba juu ya mshipi. Mama Shiro, aliyekuwa na duka dogo lililogusana na ukuta wetu, alisema ni vumbi la mpingo limejaa kwenye mapafu. Wanawake wa kanisa walisema kuna mtu kazini anayemwonea wivu, kisha wakaomba, kisha wakanywa chai. Mimi, niliyesoma, niliulizwa ni nini, nikasema huenda ni malaria ambayo haisikii dawa. Nilisema kwa sababu walikuwa wamenyamaza wakinitazama.

Kisha kukawa na vibanzi. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, tumekaa ukumbini, Anti akichambua mchele kwenye ungo, na Anko amenyoosha mikono kwenye magoti. Niliona chini ya kucha zake vistari vyembamba vyeusi vyenye wekundu, vimesimama wima kama vijiti vya kiberiti.

"Anko, vibanzi hivyo havikuumi?"

Alizitazama kama mtu aliyeoneshwa viatu vyake mwenyewe. "Mchongaji asiye na vibanzi ni mwenye duka," alisema.

"Wee!" Mama Shiro alifoka kutoka dirishani kwake. "Uniheshimu!"

Anti aliweka ungo chini. Hakupenda vibanzi, alisema ndivyo vinavyoleta homa, na mara akaamua kwamba ugonjwa wote ulikuwa hapo na sisi tumekuwa vipofu. Alipasha sindano kwenye moto wa jiko, akamshika mumewe kidole, akaanza kuchokoa. Anko alipiga kelele ya kuwatoa watu nje ya nyumba zao. Damu ilitoka, lakini kibanzi hakikutoka. Alijaribu kidole kingine. Akaniambia mimi nijaribu, nina macho ya ujana. Niliinama karibu kabisa, nikaona kwamba mstari haukuwa chini ya ukucha kama kitu kilichoingia kutoka nje. Ulikuwa kama umechorwa ndani, na haukuwa na mwanzo wala ncha ya kushika. Nilisema hakuna kitu. Anti akasema mbona kinaonekana. Nikasema kinaonekana lakini hakipo. Mama Shiro akasema, "Huyo ndiye mlimpeleka yunivasiti?" Hata Anko, kidole mdomoni, alicheka.

Kila mchongaji wa Kariokor alikuwa na kucha za namna ile, au tulidhani hivyo. Mtu mwingine yeyote, karani au dereva, angeona mistari kama hiyo ikitokea mikononi mwake angeshtuka. Sisi tulikuwa na maelezo tayari, na maelezo yalikuwa mazuri mno.

Wiki chache baadaye Mutua alimleta Anko nyumbani adhuhuri, amemshika kwapani. Anko alikuwa ameinua gogo la kawaida, akakaa chini, akashindwa kupata pumzi. Tukaenda hospitali kubwa, na baada ya kungoja kwingi tukaingia kwa daktari mmoja mwanamke, wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kabla hajaweka kipimo masikioni alimshika Anko mkono na kuugeuza.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mchongaji."

"Hivi ni vibanzi, daktari," Anti aliharakisha kusema. "Tumejaribu kuvitoa."

"Mmejaribu kwa kitu gani?"

"Kwa sindano."

Daktari alifumba macho kidogo. Alisikiliza kifua kwa muda mrefu, mbele, nyuma, akamlaza ubavu, akasikiliza tena. Akauliza kama alipokuwa mtoto aliwahi kuvimba magoti na viwiko kwa zamu. Anko alishangaa amejuaje. Alikuwa amekosa shule kwa ajili hiyo, na nyanya yake alimkanda kwa majani. Kisha daktari akasema, "Fungua mdomo." Anko akafunga mdomo. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akatazama dirisha. Mtu aliyekubali kuvuliwa shati na kuchomwa sindano mbele yetu alituomba tutoke nje ndipo afungue mdomo, na mlango ulikuwa hauna kitasa, kwa hiyo tulisimama kwenye ukumbi tukisikia kila kitu.

"Rangi hii ni ya maji," sauti ya daktari ilisema. "Iko ndani ya jino. Hata ukisugua mpaka Krismasi haitoki, wala haina ubaya. Ubaya uko hapa chini kwenye ufizi. Hapa kuna ukoga uliogeuka jiwe, na usaha. Jino hili linacheza. Na hili. Toka lini unatoka damu?"

"Damu ni ya kusugua, daktari."

"Damu ni ya ugonjwa. Kusugua kunaifungulia mlango tu."

Alituita ndani akatueleza. Ugonjwa ule wa utotoni, alisema, uliacha kovu kwenye mlango mmoja wa moyo. Miaka yote hii kovu limekaa kimya. Lakini kwenye fizi mbovu kuna vijidudu, na kila fizi zinapotoka damu, vijidudu hupata njia ya kuingia kwenye mshipa. Mtu mwenye moyo usio na kovu, mwili wake huviua vikiwa njiani. Kwake yeye vimepata pahali penye mikwaruzo, vikashika, vikaota. Vistari vya kwenye kucha havikuwa mbao. Vilikuwa damu, mishipa midogo ya mwisho wa vidole iliyoharibiwa na ugonjwa uliotoka moyoni.

Anko alifikiri. "Kutoka mdomoni mpaka moyoni," alisema. "Daktari, huko si mbali?"

"Damu haichoki kutembea, mzee."

Walimlaza siku hiyohiyo. Alichomwa sindano za mshipani asubuhi na jioni kwa majuma mengi, na sisi tulizoea njia ya wadi, harufu ya sabuni, chai ya vikombe vya plastiki. Anti alipeleka muthokoi laini, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe mpaka yakalainika kama uji, kwa sababu hakuweza kutafuna. Homa iliisha. Nyama ikarudi mashavuni. Nakumbuka alasiri moja aliniomba nimchoree moyo, nikauchora kwenye pambizo la gazeti, na nikamwambia wa chura una vyumba vitatu na wa mtu vinne.

"Vinne!" alisema. "Basi hata moyo una ekstensheni, kama nyumba zetu."

"Na milango, Anko. Mmoja wako haufungi vizuri."

"Fundi ni nani?" aliuliza, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akakohoa.

Nilidhani tumemaliza. Siku ya kuruhusiwa, yule daktari alisema vijidudu vya moyoni vimekwisha lakini nyumba vilikotoka bado ipo. Alimwandikia kwenda kliniki ya meno: yale yanayocheza yang'olewe, yaliyobaki yakwanguliwe ukoga, na saa moja kabla ya kukaa kwenye kiti ameze dozi kubwa ya dawa. Asipofanya hivyo, itarudi, na mara ya pili huenda mlango wa moyo usivumilie. Anko aliitikia kwa heshima. Tulipofika nyumbani akasema haendi.

Hapo ndipo mambo yaliponichanganya. Kwanza aliacha kusugua meno kabisa. Kopo la mkaa akalitupa, kitambaa akakitupa, akasema ikiwa kusugua ndiko kulikopeleka wadudu moyoni, yeye hatawapa njia tena. Asubuhi za nyumba ile zikawa kimya, na ukimya huo ulinitia hofu kuliko krashi, krashi. Pili, watu walianza kuja. Mama Shiro alitueleza habari za shemeji yake wa Murang'a aliyeng'olewa jino la juu akiwa na ugonjwa wa moyo. "La chini hakuna noma," alisema, "lakini la juu limefungwa na mishipa ya macho na ya moyo. Wacha nikuambie, Syokau, alitoka pale akitembea, jioni hakuna mtu." Nilimuuliza alikufa kwa nini hasa. Akasema, "Si nimekuambia? Jino." Wanawake wa kanisa kila mmoja alikuwa na shemeji yake. Tatu, na hili ndilo lililonimaliza, Anko mwenyewe alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa nzuri.

"Niambie, Mumbua," alisema tukiwa tumekaa mezani, ugali na sukuma mbele yetu. "Damu ya fizi ndiyo iliyotaka kuniua?"

"Ndiyo, Anko."

"Kidogo kidogo, nikisugua tu?"

"Ndiyo."

"Na kung'oa jino, kunatoa damu kidogo ama nyingi?"

"Nyingi."

"Basi mbona wataka nikaimalize kazi?"

Nilikwenda maktaba ya mjini nikasoma, na kila kitabu kilinipa sababu ya kuogopa upande huu, kisha sababu ya kuogopa ule. Nilisoma kwamba ni kweli kung'oa jino huingiza vijidudu kwenye damu. Nilisoma kwamba ni kweli hata kutafuna huingiza. Nikaacha kutafuna upande wa kushoto bila kujua kwa nini. Anti alinikuta jikoni nimesimama mbele ya sufuria linalochemka bila unga mkononi. "Huyu mzee anakuheshimu," alisema. "Mimi ni mke, mimi ni kelele. Wewe ukisema nenda, ataenda. Ukisema kaa, atakaa. Siku ya kliniki inakaribia, na mimi sitaki kuwa mjane kwa sababu ya meno." Akachukua unga akasonga mwenyewe.

Nilirudi hospitali peke yangu. Yule daktari alikuwa anatoka wadini, nikamfuata kwenye ukumbi nikimweleza hoja ya Anko huku nakimbia kidogo ili nisiachwe. Alisimama.

"Ni hoja nzuri," alisema. "Lakini sasa anakunywa sumu kijiko kimoja kila anapokula. Mimi nataka ainywe mara ya mwisho, dawa ikiwa imeshaingia ndani kuingoja."

"Una hakika haitamdhuru?"

"Hapana."

Alisukuma miwani yake juu ya pua.

"Wewe ulisoma nini?"

"Elimu ya wanyama."

"Basi unajua hakuna anayeweza kukupa hakika ya mnyama yeyote. Nina hakika ya jambo moja tu: akikaa na kinywa kile, nitamwona tena hapa. Na asiache kusugua! Mswaki laini, mwambie. Taratibu." Akaenda. Nilikuwa nimekuja kuchukua hakika nimpelekee Anko mkononi kama dawa, na daktari mwenyewe hakuwa nayo.

Hata leo sijui kama nimeelewa. Miaka iliyofuata nilisoma magazetini kwamba wataalamu wanaona wenye fizi mbovu wana matatizo ya moyo zaidi ya wengine, hata ya moyo usio na kovu, na kwamba bado wanabishana kama la kwanza huleta la pili au yote mawili husafiri pamoja katika maisha yaleyale, sigara ileile, sukari ileile. Kovu la Anko lilikuwa habari iliyo wazi zaidi kuliko hiyo, na hata hiyo ilitushinda. Sisi tulitaka ugonjwa ukae mahali pake. Moyo kifuani, jino mdomoni, kibanzi kidoleni. Kwamba vyote vilikuwa kitu kimoja kinachozunguka ndani ya mtu mmoja, hilo lilikuwa gumu kukubalika kwa watu ambao walikuwa wamejenga chumba kwa chumba, na kwa kila chumba mlango wake.

Asubuhi ya kesho yake, baada ya safari ile ya hospitali, nilisugua meno kwenye bomba la nje, kwa mswaki na maji tu, polepole kama daktari alivyoagiza. Nilitema. Ilikuwa nyekundu. Sikuwa nimetia mkaa kwa majuma. Niliitazama ikienda na maji kwenye mfereji, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule fikira zangu zote zilisimama mahali pamoja. Nilikuwa nabishana juu ya kinywa cha mtu mwingine huku nimefunika changu kwa mkono. Sikujua kama kiti kile kitamwua Anko. Daktari hakujua. Mama Shiro ndiye pekee aliyejua, na alikuwa amekosea mambo mengi mwaka huo. Nilichoweza kufanya bila kuwa na hakika kilikuwa kimoja tu.

Niliingia jikoni na maji yakinitiririka kidevuni. "Anko," nilisema, "siku yako ikifika tunaenda wote. Naingia mimi kwanza."

Aliweka kikombe chini. "Wewe moyo wako mzima."

"Ndiyo maana naanza mimi. Wewe utasimama mlangoni utazame. Ukiona kibaya, rudi nyumbani, sitasema kitu. Hata Anti hatasema kitu."

"Mimi nitasema," alisema Anti kutoka chumbani.

"Na hiyo ndiyo sayansi waliyokufundisha?" Anko aliuliza. "Unaanza wewe uliye mzima, ndiyo niamini mimi mgonjwa?"

"Sijui kama ni sayansi, Anko."

Ulimi wake uligusa jino moja baada ya jingine ndani ya mdomo uliofungwa. "Dawa yenyewe nitameza," alisema hatimaye. "Dawa haing'oi mtu."

Siku ile alimeza vidonge vyake nyumbani kwa uji, akavaa koti lake la kanisani. Kliniki ilikuwa chumba chenye dirisha kubwa, kiti kirefu cha ngozi ya kijani, na taa ya duara iliyoshuka kutoka kwenye dari kama kichwa cha twiga anayekunywa maji. Mganga wa meno, kijana mwenye mikono mikubwa, alishangaa kidogo tulipomweleza mpango wetu, kisha akasema mzee anaweza kusimama mlangoni ilmradi asizibe njia. Juzi kwenye matanga, Anko alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele kando ya picha ya mkewe, mkongwe, meno ya bandia yakimcheza anapoimba, na aliwaambia vijana walioketi karibu naye kwamba mimi ndiye niliyemtangulia. Aliwaambia pia kwamba mkaa haukuwa na kosa, walikosea kipimo cha chumvi. Lakini asubuhi ile hakuna kati yetu aliyejua kwamba ataishi hata kumzika mtu.

Nilipanda kwenye kiti. Kilikuwa baridi. Yule kijana aliwasha taa, akavuta kigoda, akaniomba niondoe mkono mbele ya mdomo. Sikuwa nimejua kwamba upo. Niligeuza kichwa, nikamwona Anko ameshika kizingiti cha mlango kwa vidole vyote, na kucha zake zilikuwa safi kabisa, ile mistari imekua mpaka ikafika kwenye ncha na kukatwa. Aliniinulia kidevu, kama anavyofanya mtu anapomwambia mwenzake haya, anza.

Nikashusha mkono wangu mapajani, nikafungua mdomo.